Mdudu Hakufa Njaa

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo sipendi kuisimulia, kwa sababu kila nikiigusa napandwa na hasira, na daktari ameshanionya kuhusu presha. Leo nitaisimulia. Umeingia hapa na mkungu wa ndizi begani, ukaniamkia vizuri, nami nikakuitikia marahaba huku nimeuma meno. Weka hizo ndizi chini. Zima simu, kaa kwenye hicho kiti, na usinikatize mpaka nimalize.

Kwanza ujue nilikoshinda jana. Nilishinda kituo cha afya na Mama Kabula, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Igoma, yule fundi cherehani aliyekupunguzia suruali ulipokuwa unaenda kuhitimu. Binti yake Kabula, ambaye juzijuzi tu alikuwa anajifunza kutembea kwa kushikilia ukuta wa nyumba yangu, amelazwa kwa malaria. Jana asubuhi nilimkuta barazani kwao amelegea, macho yameingia ndani, mwili unawaka. Nikauliza amepewa dawa gani. Mama yake akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeamini anafanya vizuri, kwamba walishampima, wakapewa dawa ya mseto, lakini ameiweka kwanza. Amemwachisha mtoto uji wa dagaa, amemwachisha mayai, anasubiri mdudu afe njaa.

Nikamuuliza hayo ameyatoa wapi.

"Kwa Edson wako, mama," akasema. "Si ameeleza kwenye simu?"

Akanionyesha. Nikakuona umesimama ufukweni, pale wanapoanika dagaa, umevaa lile shati la bluu nililokununulia mimi siku ya mahafali. Umeshika dagaa kiganjani na unaeleza kwa sauti ya mtangazaji kwamba mdudu wa malaria anatumia madini yanayoitwa seleniamu kutengeneza protini zake, kwamba madini hayo yamo tele kwenye dagaa na mayai, na kwamba ukimnyima atakufa njaa. Kisha ukawamwaga wale dagaa mchangani. Mtoto wa Mwanza anamwaga dagaa mchangani mbele ya watu. Bibi yako angekuzaba kofi kabla hujamaliza sentensi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wiki iliyopita Mama Kabula aliniletea kopo zima la unga wa lishe. Aliniambia nitumie mimi, mtoto ameacha. Nikashukuru, nikadhani ni ukarimu wa jirani. Unga ule anautengeneza mwenyewe, unajua. Anakaanga soya na karanga, anachanganya na mtama na mahindi, dagaa anawaosha na kuwakausha upya, halafu anakaa foleni mashineni mpaka wote wamalize, kwa sababu mwenye mashine hataki unga wa watu unuke dagaa. Kazi yote hiyo akaitoa nyumbani kwake kama mtu anayetoa sumu. Kopo ndilo lile pale juu ya kabati.

Nilipokupigia kukueleza hali ya mtoto, nyuma yako kulikuwa na muziki. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, "Shangazi, mimi sikusema waache dawa." Nikakata simu. Wewe ukadhani ni mtandao. Nilikata kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia kutoka kwa kijana mwingine, na nilijua yanaficha nini.

Wakati huo nilikuwa bado mchanga kazini, nasomea shahada ya pili kwenye maabara moja ndogo hapa Mwanza iliyokuwa inachunguza vimelea vya damu. Daraja la kwenda Busisi halikuwepo hata kwenye mazungumzo. Damu za ng'ombe wa ng'ambo zilitujia kwenye maboksi ya barafu kwa kivuko cha Kigongo, na kivuko kikichelewa, barafu inayeyuka na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Tulikuwa vijana wawili, mimi na mwenzangu Tito. Mkuu wetu alikuwa Mzee Lubinza, Msukuma wa Magu, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alisomea vimelea ughaibuni miaka mingi akarudi na lafudhi yake ileile, na mtu akimcheka lafudhi anamwambia arudie yeye alichosema kwa lafudhi nzuri.

Tito alikuwa na akili kuliko mimi. Sikufichi. Alikuwa na akili na ulimi, na alikuwa anapenda kusikilizwa, kama mtu mwingine ninayemtazama hapa.

Tulikuwa tunamchunguza mdudu wa nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o na kuwakondesha ng'ombe mpaka wanaanguka. Ukimtazama kwenye darubini ni mwembamba, anajipindapinda katikati ya chembe za damu bila kutulia. Haikuwa imepita miaka mingi tangu wataalamu wagundue kwamba mdudu huyu, na yule wa malaria pia, kila mmoja ana protini chache zenye seleniamu. Kwa hiyo ulipoanza kusema kwenye video yako, ulianza na kweli. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ungekuwa umesema uongo mtupu, Mama Kabula angekucheka na kuendelea kukoroga uji wake.

Ngoja nikueleze mdudu anavyozitengeneza hizo protini, maana sidhani kama ulifundishwa vizuri, au ulifundishwa ukiwa umeinamia simu. Protini hujengwa kwa kuunganisha vipande vidogo, amino asidi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anavyotunga shanga. Maagizo ya shanga ipi ifuate yanatoka kwenye jeni, na mwisho wa maagizo pana alama inayosema simama, kazi imekwisha. Vipande vya kawaida ni ishirini. Cha ishirini na moja ndicho chenye seleniamu, kinaitwa selenosisteini, na ajabu yake hakina alama yake chenyewe. Kinatumia moja ya alama zilezile za kusimama.

Sasa mashine inayosoma maagizo itajuaje kama hapa inatakiwa kusimama kweli au kuweka kipande na kuendelea? Mbele kabisa, kwenye mkia wa yale maagizo, kuna sehemu iliyojikunja kwa umbo lake maalumu. Ni kama trafiki aliyesimama mbele ya taa nyekundu pale njia panda, anampungia dereva mkono: wewe pita. Mashine ikipungiwa inaweka selenosisteini na kusonga mbele. Trafiki asipokuwepo inasimama palepale, na protini inabaki nusu. Na kipande chenyewe hakiokotwi njiani kikiwa tayari. Kinatengenezwa juu ya mbebaji wake, molekuli inayokipeleka kwenye mashine, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, protini inayoharakisha kazi hiyo. Hizo ni jeni nyingi na nguvu nyingi, kwa ajili ya protini chache tu.

Tukajiambia kwamba mdudu mdogo kiasi kile hawezi kujisumbua hivyo bure. Lazima protini hizo ndizo roho yake, na ukiuharibu ule mtambo wake mmoja tu, amekwisha. Maabara nyingi duniani zilikuwa zinadhani hivyohivyo. Lakini Mzee Lubinza alisema kudhani ni kwa ajili yetu sisi tuliomo humu ndani. Akapanga jaribio. Tulipata kizazi cha wadudu waliozimwa jeni moja ya ule mtambo, wasiweze tena kutengeneza selenosisteini hata uwape seleniamu ya kuogelea, na tukawa tunawakuza kando ya ndugu zao wazima. Kazi yetu ilikuwa kungoja na kuhesabu nani anakufa. Mzee akasafiri kwenda Dar kwenye mikutano yake, akatuachia funguo na neno moja, tusubiri.

Tito hakuweza kusubiri. Wiki hiyohiyo tulikwenda Kisesa kuchukua damu za ng'ombe kwenye josho. Alikuwepo mzee mmoja anaitwa Maduhu, ng'ombe wake wamerudi kutoka malisho ya mbali upande wa Serengeti, na nagana wamerudi nayo. Manyoya yamesimama, machozi yanatiririka, mbavu unazihesabu. Katikati ya kundi kulikuwa na ng'ombe aliowatenga kwa ajili ya mahari ya mwanawe. Ukoo wa binti walikuwa wameshakuja kuwatazama na kuridhika. Mzee Maduhu alikuwa amewaanzishia sindano za nagana, na akatuuliza kama zipo njia za kuongeza nguvu.

Tito akajibu kwa Kisukuma safi, watu wote wa joshoni wamemzunguka. Akawaeleza seleniamu, akawaeleza protini, akawaeleza mpaka trafiki na mkono wake. Wazee wanatikisa vichwa kwa kufurahia mtoto wao aliyesoma. Kisha akanyoosha kidole kwenye jiwe la chumvi, lile la madini ambalo mifugo hulamba, akasema, "Hili ndilo linalomlisha mdudu. Liondoeni, atakufa njaa."

Nilimvuta mkono wa koti. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba majibu hayajatoka. Akacheka.

"Sayansi ya kufungiwa kabatini inamsaidia nani, Adela?"

Tuligombana njia nzima kurudi mjini. Aliniambia nina wivu. Niliposhuka garini nilifunga mlango kwa nguvu mpaka dereva akanilalamikia, na sikusema na Tito mpaka Mzee aliporudi.

Mzee Lubinza alirudi asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, akavaa koti lake jeupe bila kunywa hata chai, akaenda moja kwa moja kwenye darubini. Akatazama wadudu wazima. Akatazama waliozimwa. Akatazama tena. Akaniita nami nitazame, na nilichokiona mpaka leo nakiona. Walikuwa wanajipindapinda vilevile. Wanazaana vilevile. Ule mtambo wote, na trafiki wake na mbebaji wake, tulikuwa tumeuzima, na mdudu hakuwa na habari. Tulirudia jaribio, tukabadilisha chupa, tukabadilisha aliyehesabu, na majibu hayakubadilika. Tito alikuwa amekaa kwenye kona, mikono mapajani.

Basi nikamweleza Mzee habari ya Kisesa, Tito akiwa anasikia. Sikutaka kusema nyuma ya mgongo wake.

Mzee hakupandisha sauti. Alivua koti, akalitundika, akachukua funguo za gari. "Twende," akasema. Tukaenda Kisesa sote watatu.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Maduhu ni ng'ombe wanalamba ukuta. Wamejipanga kwenye ukuta wa tope wa jiko, mahali ambapo jiwe la chumvi lilikuwa likiwekwa siku zote, wanalamba udongo. Pale chini palikuwa na shimo walilolichimba kwa ndimi. Jiwe lenyewe lilikuwa juu ya paa la jiko, limefunikwa gunia, lisije likafikiwa hata na mbuzi. Mzee Maduhu alikuwa amefuata maelekezo vizuri kabisa. Na kando ya zizi kulikuwa na ngozi zimewambwa chini kwa vigingi, mbichi bado, nzi wamezijaa.

Sindano alikuwa ameziacha. Alitueleza mwenyewe, bila kinyongo, huku akitukaribisha vigoda. Alisema aliposikia kwamba mdudu anakufa njaa, aliona hakuna sababu ya kuendelea kuwachoma ng'ombe waliokwisha kudhoofika. Alisema labda hakuondoa chumvi upesi vya kutosha. Alikuwa anatafuta kosa lake, Edson. Mzee wa watu amefiwa na ng'ombe wa mahari ya mwanawe, na anatuuliza sisi alikosea wapi.

Hapo ndipo Tito aliposema, "Mimi sikusema waache sindano."

Nilidhani Mzee Lubinza atampiga. Alimgeukia taratibu.

"Hukusema," akamwambia. "Ulisema mdudu atakufa njaa. Sasa mtu aliyeambiwa hivyo, sindano ni ya nini?"

Mzee hakumngoja, akaendelea kumuuliza.

"Ng'ombe mwenyewe hutumia seleniamu?"

"Hutumia."

"Ana protini zake zinazoihitaji?"

"Anazo. Nyingi kuliko za mdudu."

"Na anazitengeneza kwa njia gani?"

"Ileile. Alama ya kusimama, mkia uliojikunja, yote."

"Ulilijua hilo siku uliyokuja hapa kuwahutubia watu, au umelijua leo?"

Tito akasema alilijua. Alisema kwa sauti ndogo, lakini nilimsikia, na hasira iliyonipanda siku ile ndiyo hii unayoiona. Ujinga naweza kuuvumilia, wote tunaanza na ujinga. Yeye alijua kwamba kitu anachowaambia wamnyime mdudu ni chakula cha ng'ombe pia. Alijua, akaliacha nje ya hotuba kwa sababu lingeharibu utamu wake.

Mzee Lubinza akavua kofia. Akaenda akachuchumaa mbele ya Mzee Maduhu, yeye na shahada zake zote, akamwambia kwa Kisukuma kwamba maneno yale yalitoka maabarani kwake na yalikuwa ya uongo. Akamweleza kwamba jiwe la chumvi peke yake lisingewaua ng'ombe kwa muda ule, kilichowaua ni nagana iliyoachwa bila sindano, lakini aliyewaondolea sindano ni sisi. Akamwambia hakukosea kitu. Akalirudia hilo mpaka mzee akamtazama usoni. Kisha akamwamuru Tito apande juu ya paa, alishushe jiwe kwa mikono yake, aliweke mahali pake, aseme kwa mdomo wake mbele ya wake wa mzee na wanawe kwamba alikosea. Tito akapanda na viatu vyake vizuri vya mjini. Jiwe halijagusa ardhi vizuri, ng'ombe walikuwa wamelizunguka, wanasukumana.

Usidhani Mzee Maduhu alitusamehe tukala pamoja. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwanangu alikuwa aoe." Akaingia ndani. Waliobaki walirudishiwa sindano wakapona, lakini hawakutosha, na ukoo wa binti haukungoja. Yule binti aliolewa kwingine. Nilikuwa namfahamu kijana yule kwa sura tu, na kwa miaka kadhaa nilipokutana naye mnadani nilikuwa naangalia pembeni, ilhali si mimi niliyesema.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Mzee swali lililokuwa linanikereketa. Kama mdudu anaweza kuishi bila zile protini, kwa nini anahangaika kuzitengeneza? 

"Sijui," akasema. "Labda zinamfaa akiwa tumboni mwa mbung'o. Labda akiwa kwenye shida ambayo chupa zetu hazina. Tutatafuta. Lakini ukiulizwa leo, sema hatujui, na useme kwa sauti ileile uliyosemea yale unayoyajua."

Tito alibaki maabara. Nakuambia hili ili usije ukafikiri nakutupa. Alikuja kuwa mtafiti mwangalifu kuliko sisi wote, na mpaka leo akiandika kitu huniletea nisome kwanza. Hata hivyo akija hapa kunisalimia, kuna wakati namtazama anakunywa chai nakumbuka ng'ombe wanalamba ukuta, na nanyanyuka kwenda jikoni nisije nikamwambia neno.

Sasa turudi kwako na mdudu wako wa malaria. Baada ya miaka ile, wenzetu kwingine walimfanyia yule wa malaria ya panya jambo hilohilo. Waliuzima mtambo wake wa selenosisteini. Akaendelea kuishi kwenye damu. Anazo protini zake chache, za ajabu, hazifanani na zetu, na kazi yake kamili hatujaielewa bado. Akiwa ndani ya chembe nyekundu anakula mpaka anazalisha sumu inayoweza kumuunguza mwenyewe, na anahitaji kinga. Lakini kimeng'enya chake kikubwa cha kinga hiyo, Edson, hakina seleniamu. Cha kwetu sisi binadamu, kinachofanya kazi hiyohiyo, ndicho chenye seleniamu. Cha Kabula ndicho chenye seleniamu.

Kwa hiyo niambie, ulipowaagiza watu wamwage dagaa, ulikuwa unamnyima nani? Mdudu ana njia nyingine. Mtoto ndiye aliyekuwa amebaki na uji mweupe wa sembe, homa inamla, na dawa yake imewekwa juu ya kabati kwa sababu kijana aliyesoma amesema haina haja. Najua hukusema haina haja. Nimeshakueleza.

Na usije ukanitoka hapo ukageuza shati ukaanza kuwatangazia watu vidonge vya seleniamu. Nakufahamu, tayari nimeona macho yako yamechangamka. Yakizidi mwilini madini hayo ni sumu, yananyonyoa nywele na kuharibu kucha, na ng'ombe wamekufa kwa kuzidishiwa. Dagaa, mayai, uji, dawa ya mseto mpaka iishe, chandarua. Hayo hayapendezi kwenye video, najua. Hakuna mtu atakayekutumia mioyo midogo midogo kwa kusema mtoto amalize dawa.

Asubuhi hii nimepita kituoni kabla hujafika. Kabula bado ana dripu mkononi. Homa imeanza kushuka, lakini daktari hajataka kusema neno la uhakika, na simlaumu. Mama yake hajalala. Ameniuliza kama aliondoa dagaa akiwa amechelewa, maana na mayai alimpa siku ya kwanza kabla hajaiona video. Anatafuta kosa lake. Nilimshika mkono nikashindwa kusema, kwa sababu jibu hilo si langu kulitoa. Ni lako.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, na wenzako wapelekee. Ukijua namna mdudu anavyojenga kitu, hujajua kwamba kitu hicho ndicho kinachomshikilia hai. Subiri mwenye kuhesabu amalize kuhesabu. Unapotaka kumnyima adui chakula, tazama kwanza nani mwingine anakula sahani hiyo. Sehemu inayoharibu utamu wa hotuba yako ndiyo uiseme kwa sauti kubwa zaidi. Usijifiche nyuma ya maneno ambayo hukuyasema, jiulize aliyekusikia alikwenda nyumbani kufanya nini. Na ukikosea mbele ya watu, usirekebishe kwa kuifuta video kimyakimya. Ifute, ndiyo, leo hii, na useme mbele ya watu walewale, ukiwa umevaa shati lilelile, kwamba ulikosea na wampe mtoto dawa na uji. Lakini hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni ya kwenda kwa mguu mpaka kituoni.

Inuka. Lile kopo la juu ya kabati lichukue, ni unga wa Mama Kabula, umrudishie mkononi mwake. Umwambie hakukosea kitu. Ulirudie hilo mpaka akutazame usoni. Asipotaka kukusamehe usimbembeleze, kaa hapo nje ya wodi umchotee maji, umfulie vitambaa vya mtoto, mpaka atakapokwambia nenda. Ndizi nitazipika, nitawaletea jioni wote watatu.

Mungu akutangulie barabarani. Akupe ulimi usioona aibu kusema nilikosea, na masikio makubwa kuliko huo ulimi. Akupe watoto wako mwenyewe, wanywe uji wa dagaa mpaka washibe. Mengine niliyokuombea nimeyaacha kitandani kwa Kabula. Ukifika utayakuta huko.